Stata ya Motokaa na Kazi Yake ya Sekunde Chache

Mwezi huu twapenda kueleza habari za chombo kimoja ambacho wengi wetu hatukikumbuki ila siku kinapokataa kufanya kazi. Chombo hicho ni stata, ambayo baadhi ya madereva, hasa wazee, huiita selfu. Yaani ule mtambo unaoizungusha injini ya motokaa pale mtu anapogeuza ufunguo. Huenda mtu akauliza: gazeti la kusomwa nyumbani lina haja gani na mambo ya gereji? Jawabu letu ni kwamba siku hizi nyumba nyingi zina gari, na nyingine hula kwa gari, maana baba ni dereva wa teksi au kijana wa nyumba ana gari la abiria. Na fedha inayopotea kwa kutojua ni fedha ya watoto. Tena sisi wenyewe yametufika, nasi tutaanza na hayo.

Mwaka mmoja, tulipokuwa tukikaa Tanga, tuliletewa habari baada ya sala ya Alfajiri kwamba shangazi yetu aliyekuwa akiishi Pangani amefariki dunia, na kwamba maziko yatakuwa baada ya Adhuhuri. Safari ya kutoka Tanga mpaka Pangani si ndefu, nasi tuliona wakati unatosha. Akina mama wakaingia garini, tukageuza ufunguo, ikasikika "ta!" moja, kisha kimya. Tukageuza tena, "ta!" na kimya. Taa za mbele zilikuwa zikiwaka sana, na honi ikilia vizuri, kwa hiyo sisi na majirani waliokusanyika tulikata shauri kwamba betri ni nzima na stata ndiyo iliyokufa. Akaitwa fundi, naye akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema maneno yale yale. Stata ikafunguliwa, ikatafutwa nyingine mjini, ikanunuliwa kwa fedha tuliyoikopa kwa jirani, ikafungwa. Saa sita ya mchana ikapita. Tulipogeuza ufunguo, stata ile ngeni ikasema "ta!" kama mwenzake.

Shangazi akazikwa sisi tukiwa bado Tanga. Jioni ile mzee mmoja aliyepata kuendesha malori ya mkonge alikuja kutupa pole, naye aliposikia kisa chetu aliomba boneti ifunguliwe. Akashika waya mnene unaotoka kwenye ncha hasi ya betri kwenda kwenye chuma cha injini, akautikisa kwa vidole viwili, ukacheza. Nati iliyoufunga ilikuwa imelegea, na chini yake pana kutu na unga wa kijani. Mzee akapakwangua kwa kisu mpaka pakang'aa, akakaza nati, akatuambia tugeuze ufunguo. Motokaa ikawaka mara moja.

Deni la jirani tulilimaliza baada ya miezi minne. Lakini swali lililotukaa moyoni lilikuwa hili: yawezekanaje nati moja iliyolegea kuzima stata mbili, hali taa zinawaka na honi inalia? Tuliuliza, tukasoma, tukafungua stata mbovu kadhaa kwa mikono yetu; na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kabla ya stata

Injini ya motokaa haiwezi kujianzisha. Kazi yake ni kuvuta hewa na mafuta, kuvibana, kisha kuviunguza. Na nguvu ya kule kuungua ndiyo inayoisukuma kuvuta na kubana tena. Basi mzunguko wa kwanza hauna budi kutoka nje. Zamani ulitoka mkononi mwa mtu: alisimama mbele ya gari, akatia hendeli ya chuma katika tundu lake, akaizungusha kwa nguvu zake zote. Wazee wetu waliotumia Land Rover za mwanzo, ambazo zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, wanaikumbuka hendeli hiyo, kwani zilikuja nayo ijapokuwa zilikuwa na stata pia. Na wanakumbuka wasia waliopewa walipokuwa vijana: usikizungushie dole gumba kile kishikio, liweke upande mmoja na vidole vingine. Kwani mafuta yakiungua kabla ya wakati wake, injini hurudi kinyume kwa ghafula, na hendeli humpiga aliyeishika. Walioumia kwa namna hii walikuwa wengi hata madaktari wa Kizungu wakaupa mvunjiko mmoja wa mfupa wa karibu na kifundo cha mkono jina la mvunjiko wa madereva, na jina hilo lingali katika vitabu vyao.

Aliyewaondolea watu taabu hiyo ni Mmarekani Charles F. Kettering, aliyezaliwa mwaka 1876 katika jimbo la Ohio. Kabla ya kushughulika na motokaa, alifanya kazi katika kampuni ya mashine za kuhesabia fedha za dukani katika mji wa Dayton, na huko alitengeneza mota ndogo ya umeme ya kuendeshea mashine hizo badala ya mkono. Mwaka 1911 alifaulu kuitia stata ya umeme katika motokaa ya Cadillac, na Cadillac za mwaka 1912 zikauzwa zikiwa nayo. Ford ya namna ya Model T, ambayo ndiyo iliyokuwa gari la watu wengi wakati ule, ilichelewa. Haikutoka kiwandani na stata ya umeme mpaka mwaka 1919.

Wataalamu wa umeme wa siku zile walikuwa wamesema kwamba jambo hili haliwezekani. Mota ya kuizungusha injini, walisema, itakuwa kubwa mno, na betri yake itakuwa nzito mno. Hesabu yao haikuwa na makosa, ila ilikuwa hesabu ya mota inayofanya kazi mchana kutwa. Kettering alikwisha kuona katika zile mashine za dukani kwamba mota ndogo yaweza kupewa umeme mwingi kupita kiasi chake isiungue, maadamu kazi yake ni ya kitambo kifupi tu, na baada yake inapumzika. Stata zote mpaka leo zimejengwa juu ya msingi huo. Ni kama mpagazi awezaye kuinua magunia mawili kuyatupa juu ya lori, lakini hawezi kwenda nayo mpaka Korogwe. Msomaji aliyelishika jambo hili moja amekwisha kujua sababu ya nusu ya stata zinazoungua.

Yaliyomo ndani yake

Stata hufungwa ubavuni mwa injini, pale injini inapokutana na gia, na mara nyingi huwa chini, ambako matope na maji huifikia. Ndani yake mna sehemu inayozunguka, ambayo mafundi huiita amecha, iliyosukwa kwa nyaya nene za shaba. Na pembeni mwake pana koili nyingine au, katika stata nyingi za siku hizi, sumaku za kudumu. Umeme huingia katika amecha kwa njia ya vipande vidogo vya kaboni vinavyosukumwa na springi, vikigusa duara la shaba linalozunguka. Kaboni hizo huliwa kidogo kidogo kama chaki ubaoni.

Mbele ya mota pana gia ndogo yenye meno tisa au kumi hivi. Gia hiyo ikisukumwa hushikana na meno yaliyoizunguka flaiwili ya injini, ambayo hupita mia. Kwa hiyo mota huzunguka mara kumi na zaidi ili injini izunguke mara moja, na ndivyo kidogo kinavyokishinda kikubwa. Lakini hapo pana hatari: injini ikisha kuwaka, flaiwili ndiyo inayokwenda mbio, nayo ingeirudishia mota mwendo mara kumi na zaidi, hata amecha ingepasuka. Kwa ajili hiyo imewekwa klachi ndogo inayoshika upande mmoja tu, mfano wa friwili ya baisikeli, ambayo huzunguka tupu mtu anapoacha kukanyaga. Mafundi wetu huiita bendiksi, kwa jina la Vincent Bendix, Mmarekani ambaye chombo chake kilitumika katika stata za zamani. Chombo cha siku hizi si kile chake, ila jina limebaki.

Juu ya mota pamekaa silinda ndogo iitwayo solenoidi. Hii ina kazi mbili, nasi twamwomba msomaji azishike, kwani ndizo zinazofasiri mlio ule wa "ta!". Ufunguo haupitishi umeme wa stata. Nyaya zake nyembamba zingeungua. Ufunguo hupeleka umeme mdogo tu kwa solenoidi, nayo hugeuka sumaku na kukivuta chuma kilichomo ndani yake. Chuma hicho kwanza huisukuma ile gia ndogo mpaka ishikane na flaiwili. Kisha, mwisho wa safari yake, huviunganisha vipande viwili vya shaba, na hapo ndipo umeme mkubwa wa betri hupata njia ya kuingia katika mota. Mlio wa "ta!" ni chuma hicho kikifika mwisho. Basi asubuhi ile motokaa yetu ilikuwa ikituambia waziwazi kwamba ufunguo ni mzima na solenoidi imevuta, ila umeme mkubwa haufiki. Sisi hatukuijua lugha yake.

Hesabu ya umeme

Taa moja ya mbele yenye wati 55 hutumia ampea zipatazo nne na nusu. Taa mbili, ampea tisa. Stata ya motokaa ndogo ya petroli hutumia kiasi cha ampea 100 hadi 200 inapoizungusha injini. Na ya dizeli hutumia zaidi, kwa sababu injini ya dizeli huibana hewa kwa nguvu nyingi. Tazama tofauti iliyopo.

Sasa, kila kiungo chenye kutu, uchafu au nati iliyolegea ni kizuizi cha umeme, na volti zinazopotea katika kizuizi huongezeka kadiri umeme unaopita unavyoongezeka. Tuseme mathalan pana kiungo kinachopoteza volti 0.18 kinapopitisha ampea 9 za taa. Ni nani atakayeona? Taa zitang'aa vile vile. Lakini kiungo hicho hicho kikitakiwa kupitisha ampea 150 za stata, kitapoteza volti 3. Betri ya volti 12 hushuka yenyewe mpaka 10 na kitu wakati wa kupiga stata. Ikinyang'anywa tatu zaidi, stata hubakiwa na saba, na kwa saba huizungusha injini kwa unyonge au haiizungushi kabisa. Tena volti 3 mara ampea 150 ni wati 450 za joto zinazomalizikia katika nati moja, karibu nusu ya pasi ya umeme ya wati 1,000. Ndiyo maana dereva mjuzi, baada ya kupiga stata iliyokataa, huzima na kupapasa viungo vya waya wa betri kimoja kimoja: kilicho cha moto ndicho kilicho kibovu.

Kwetu sisi kulikuwa na sababu nyingine juu ya hiyo. Umeme wa taa na honi hurudi kwenye betri kwa njia ya bodi ya gari, bali umeme wa stata hurudi kwa njia ya chuma cha injini. Waya wa bodi ulikuwa mzima, wa injini ndio uliolegea. Umeme mdogo wa solenoidi ulipenya, ule mkubwa ukazuiliwa. Basi mtu asiseme tena kwamba taa zikiwaka ni dalili ya kuwa betri na nyaya zake zote ni salama. Sisi tulisema hivyo, na ikatugharimu maziko.

Sauti na dalili

Mlio mmoja mzito na kimya baada yake huwa ni kiungo kibovu, au kaboni zilizokwisha, au vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi vilivyoliwa. Hivi vya mwisho hupatikana sana katika magari ya Kijapani yanayoletwa kwetu yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi. Na fundi mwaminifu huweza kuvibadili peke yake, au kubadili kaboni peke yake, bila ya kununua stata nzima. Mlio wa haraka haraka, "ta-ta-ta-ta", huwa ni betri dhaifu: solenoidi huvuta, umeme mkubwa ukianza kwenda volti zinaanguka, solenoidi huachia, volti hupanda, huvuta tena. Stata ikivuma peke yake na injini haizunguki, bendiksi imekwisha au gia haisukumwi mbele. Ikisaga kama chuma kinachokwaruza chuma, meno yameliwa. Na hapo usiendelee, kwani meno ya stata ni rahisi kuyabadili kuliko ya flaiwili, ambayo hayafikiwi mpaka gia ishushwe.

Usiku, au ndani ya banda, kuna jaribio lisilotaka chombo chochote. Washa taa za mbele, mtu mmoja azitazame, mwingine apige stata. Zikififia sana au zikizimika, betri ni dhaifu, au kiungo chake kibovu, au mtambo umekwama. Zikibaki ziking'aa na hakuna kinachosikika, umeme haukufika hata kwa solenoidi: tazama fyuzi, swichi ya ufunguo, na kama gari ni otomatiki, tazama kama gia iko mahali pake, maana gari hizo hazikubali kupigwa stata isipokuwa gia iko kwenye P au N. Tumepata kumwona mtu mzima akihangaika saa nzima kwa sababu hiyo peke yake.

Mwenye kipimo cha volti ana nafuu kubwa, na bei yake si ya kutisha. Betri iliyojaa, ikiwa imelala usiku kucha, huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.0 imekaribia kuwa tupu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Kisha weka ncha moja ya kipimo kwenye ncha hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata: kipimo kikipita nusu volti, waya huo au viungo vyake vina kasoro. Jaribio hili la dakika moja lingetufikisha Pangani.

Kuitunza

Utunzaji wa stata huanzia kwenye betri. Katika miji yetu ya pwani hewa ya chumvi huila shaba na risasi upesi kuliko bara, kwa hiyo ncha za betri zifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miezi michache. Ufungue waya wa hasi kwanza, na katika kufunga uwe wa mwisho, ili spana ikigusa bodi pasitoke cheche. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yaliyotiwa soda ya kuokea, ukaushe, upige msasa mpaka paonekane chuma kinachong'aa, ukaze, kisha upake grisi kidogo juu yake. Juu yake, twasema, si katikati. Usisahau upande wa pili wa waya, ule wa kwenye injini, ambao hauonekani na kwa hiyo hausafishwi na mtu.

La pili ni ufunguo. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Injini isipowaka, ngoja dakika moja au mbili ndipo ujaribu tena. Nusu dakika ya kushikilia ufunguo yatosha kuzipasha moto nyaya za amecha kupita mpagazi yule wa Korogwe. Na injini ambayo haikuwaka kwa mara tatu au nne haitawaka kwa mara ya kumi. Ina ugonjwa mwingine, wa mafuta au wa plagi, nayo stata haina dawa yake. Ikisha kuwaka, achia ufunguo papo hapo, wala usiugeuze tena injini ikiwa inakwenda.

Mafuta ya injini yakivuja kuidondokea stata, rekebisha uvujaji kabla ya stata, la sivyo kaboni mpya zitaloa kama za zamani. Gari likipita katika mafuriko, kama yanavyotokea katika mitaa ya mabondeni ya Dar es Salaam kila mvua kubwa ikinyesha, maji na mchanga huingia katika stata. Ni vizuri ifunguliwe na kukaushwa ingawa bado inafanya kazi. Na ikiwa injini ilizimika ndani ya maji, usipige stata kabisa. Maji yaliyoingia katika silinda hayabanwi kama hewa, na stata yaweza kuupinda mkono wa pistoni.

Wako madereva wanaoigonga stata kwa nyundo ikikataa, nayo huwaka. Si uchawi, kaboni zilizokwisha hukwama, na mtikisiko huzisogeza zikagusa tena shaba. Lakini kufaulu huko ni habari ya kwamba kaboni zimefikia mwisho, na katika stata zenye sumaku za kudumu pigo kali huipasua sumaku.

Mambo ya hatari

Hapa twaomba wazazi wasome kwa makini. Katika motokaa nyingi za gia za mkono, ufunguo ukigeuzwa gari likiwa ndani ya gia, stata peke yake, pasipo injini kuwaka, ina nguvu ya kulisukuma gari mbele au nyuma. Mtoto aliyeachwa garini pamoja na ufunguo, akiiga alivyomwona baba yake, aweza kumgonga nduguye anayecheza mbele ya bampa. Ufunguo usibaki garini kamwe, hata kwa muda wa kushusha mizigo.

Hatari kama hiyo humpata fundi anayelala chini ya gari na kuunganisha ncha za solenoidi kwa bisibisi ili kuijaribu stata. Gari likiwa ndani ya gia, likiwaka, humpitia juu. Asiguse ncha hizo mpaka amehakikisha kwa mkono wake kwamba gia iko huru, breki ya mkono imevutwa, na magurudumu yamezuiliwa kwa mawe.

Betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche moja. Sigara na kiberiti viwe mbali. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu anaposhtua gari kwa betri ya gari jingine, aunganishe kwanza chanya ya betri iliyokufa na chanya ya iliyo nzima. Kisha hasi ya iliyo nzima na chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake, ili cheche ya mwisho itokee huko. Ama kusukuma, gari la gia za mkono huwaka kwa kusukumwa. La otomatiki kwa kawaida haliwaki, na vijana wa mtaa watachoka bure.

Tuongeze neno juu ya magari mapya. Yako yanayojizima yenyewe kwenye taa za barabarani na kujiwasha tena. Stata zao zimetengenezwa kwa kupigwa mara nyingi, nazo hutaka betri ya namna yake, si yoyote iliyo rahisi. Na yako yaendayo kwa petroli na umeme pamoja, kama Toyota Prius iliyotoka Japani mwaka 1997, ambayo haina stata ya namna tuliyoieleza. Mota zake za kuendeshea ndizo zinazoiwasha injini. Mtu akikuuzia stata ya Prius, muulize amekusudia nini.

Yote haya twayaandika tukijua kwamba fundi bado anahitajika, na kwamba mafundi wengi ni watu wa haki. Ila mwenye gari aombe aonyeshwe stata ikijaribiwa juu ya meza, kwa betri nzima na nyaya nene, kabla ya kukubali kwamba imekufa. Na akinunua nyingine, ile ya zamani ni mali yake, aende nayo nyumbani. Sisi hatukufanya hivyo. Tulirudi siku ya tatu kuiomba stata yetu, tukaambiwa imekwisha kuuzwa. Miezi kadhaa baadaye tulikodi teksi ya mtaa wa pili, na dereva alipofungua boneti kutia maji, tukaiona ubavuni mwa injini, na alama ya rangi nyekundu tuliyokuwa tumeipaka wenyewe. Tulimwuliza kama inamsumbua. Akacheka, akasema tangu aifunge haijamwangusha hata siku moja, akaingia ndani akaipiga ili tuisikie.